Ngoma Ambayo Baba Hakuipiga

Jumatatu, 8 Aprili

Daftari langu la jiografia lina kurasa nyingi tupu, na jiografia yenyewe imekwisha pamoja na shule. Nimechana ramani za mito nikabakisha karatasi safi. Nitaandika humu mpaka matokeo ya mtihani yatoke, kwa sababu kusema siwezi. Mbele za watu ulimi wangu hunywea kama mkate uliotolewa tanurini kabla ya wakati. Karatasi hainikodolei macho.

Mvua imeanza leo. Baba amesema kuanzia kesho nitakanda naye unga. Nikajibu, "Ndiyo, Baba." Mama akacheka peke yake: "Nyumba moja ina watu wawili wa ndiyo. Ee Mungu, nami nitagombana na nani?"

Ni kweli, Baba ni mtu wa ndiyo. Jirani aliazima toroli akalirudisha halina gurudumu, Baba akasema, "Ndiyo, hutokea." Simkosei adabu, lakini siku nyingine natamani apige meza japo mara moja.

Alhamisi, 11 Aprili

Kazi ya mkate inaanza jogoo akiwa bado na usingizi wake. Tunamimina unga katika sanduku la mbao, tunatia maji ya hamira, kisha ni mikono tu. Mimi nilikuwa nausukuma polepole. Baba akaniambia, "Usiubembeleze, mwanangu. Huu si mtoto mchanga. Upige, ujue kuna mtu."

Yeye hupiga kwa kiganja, halafu kwa ncha za vidole, halafu kiganja tena. Leo nimeona jambo. Akisahau kidogo, mikono yake hushika mwendo, mwendo wenyewe ukawa mtamu hadi nami bega likatikisika. Hapo hapo akaacha, akajifuta mikono kwenye aproni kama mtu aliyejikuta anatukana.

Nikamuuliza Mama kwa nini. Mama akafunga mlango kwanza.

Kumbe kabla sijazaliwa Baba alikuwa mpiga ngoma wa kilinge, ile nyumba ya kupandisha pepo iliyo nyuma ya mashine ya kusaga. Alifundishwa na babu. Kila pepo ana mdundo wake, asipousikia haji. Na yupo mmoja mkubwa kuliko wote, ambaye hupanda kwa bibi yangu tu, mama yake Baba. Jina lake siliandiki humu. Wao wenyewe humwita Mkubwa. Mdundo wa Mkubwa aliujua babu, akamwachia Baba, na Baba hajamfundisha mtu.

"Walimwita Radi," Mama akasema. "Siku alipompokea Bwana aliziacha ngoma mlangoni mwa kilinge, akaja hapa mikono mitupu, hajui kazi yoyote duniani. Mkate wa kwanza alioupika, hata mbwa aliunusa akaenda zake."

Baba, Radi! Nimemtazama jioni yote akinywa chai yake na kupuliza taratibu asije akamwudhi mtu. Sijaamini.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Hamira imegoma kwa baridi. Sina jingine.

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya ibada nilikuwa peke yangu dirishani pa kuuzia. Akaja mwanamke mmoja, mwavuli mweusi, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi mpaka kinang'aa. Watu waliokuwa kwenye foleni walimpisha bila kuambiwa. Ndiye Mama Mlezi, mkuu wa kilinge.

"Hujambo, mjukuu wangu? Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie mama yake kifua kinamsumbua. Na mwambie Mkubwa anaiulizia mikono yake."

Akachukua mkate, akanishukuru kwa sauti laini ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kupaza. Nitasema kweli: nilimpenda. Nilidhani watu wa giza wananuka vibaya. Huyu alinukia sabuni.

Baba alipopata ujumbe alikaa juu ya gunia la unga, asiseme ndiyo wala hapana.

Alhamisi, 18 Aprili

Bibi amehamia kwetu. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyekuwa naye miaka yote. Amemleta na godoro lake, na neno.

"Mama anataka afie kwa mwanawe. Na anataka umpigie, ampokee Mkubwa mara ya mwisho. Mimi nimeleta mzigo, wewe utaubeba upendavyo."

"Karibuni," Baba akasema. "Mama atakaa hapa. Kupiga sitapiga."

Sikumbuki kuwahi kumsikia Baba akitamka neno la kukataa. Alilisema kwa upole ule ule wa ndiyo zake, ndiyo maana Shangazi alichelewa kulisikia.

Bibi yuko chumbani kwangu. Nimemwogopa tangu utotoni, hasa macho yake. Alinitazama, kichwa kikiwa juu ya mto wake, akasema, "Haya, mke mwenzangu, kitanda kimoja, mume mmoja naye amekufa. Hatuna cha kugombania." Nikacheka nikiwa sijapanga kucheka.

Jumapili, 21 Aprili

Bibi hali mkate wetu bila kuushutumu. "Mkate wa Radi hauna chumvi. Ngoma yake ilikuwa na chumvi."

Jumamosi, 27 Aprili

Mama Mlezi alikuja kumwona mgonjwa. Walizungumza, akamwinamia Bibi kwa heshima, maana Bibi alimtangulia kilingeni. Wakati wa kutoka akasimama na Baba uani chini ya bati, nami nilikuwa napanga kuni.

"Radi, mwanangu. Watu wametawanyika. Tangu uondoke, Mkubwa hajapanda. Mama yako anakwenda, na akienda bila kupokea, mlango unafungwa kwetu sote. Nakuomba."

"Nasikitika, mama. Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Hakukasirika hata kidogo, na hicho ndicho kilichonitia baridi. "Mikono ile si yako. Uliazimwa. Mwenye kuazima akikataa kurudisha, kitu hukauka mkononi mwake. Mvua hizi hazitakwisha kabla hujaona."

Alipoondoka Baba aliniona. "Umesikia?"

"Ndiyo."

"Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Mimi pia," akasema, akachukua kuni zilizobaki.

Jumanne, 30 Aprili

Maneno ya Mama Mlezi yamefika mtaani kabla ya maji ya mvua. Wateja wamepungua. Mama anasema mkate hauna dini ila wanunuzi wana masikio. Tumekula mkate asubuhi, mchana na jioni.

Ijumaa, 3 Mei

Mwiba wa kuni umemchoma Baba kidole cha kati, mkono wa kulia. Ameutoa kwa meno, tumeendelea na kazi.

Jumapili, 5 Mei

Mchungaji wetu ni kijana, ana moyo mkubwa, na kanisa limepata spika mpya. Amesikia habari zetu. Baada ya ibada akamwambia Baba mbele ya wazee wa kanisa kwamba vita imetangazwa: waumini wote watakuja kuizunguka nyumba yetu na spika, wakemee mpaka Mkubwa atoke mbio.

Baba akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mchungaji, mle ndani amelala mama yangu. Si ukuta wa Yeriko."

Wazee waliangua kicheko. Mchungaji alinuna kidogo, kisha naye akacheka. Jioni alikuja peke yake, bila spika, akakaa karibu na Bibi. Bibi akamuuliza kama mama yake mzazi anajua anatembea na mvua bila koti.

Nilidhani kusimama imara ni kelele. Baba amewakatalia watu wa kilinge na watu wa kanisa katika majuma mawili, na hakuna aliyemsikia akipaza sauti.

Jumatano, 8 Mei

Kidole kimevimba kama mhogo. Baba hakulala. Leo nimekanda mimi, yeye akinielekeza. Shangazi alipokiona aliziba mdomo kwa khanga. Sote tulikuwa tunafikiria neno moja, hakuna aliyelitamka: hukauka.

Ijumaa, 10 Mei

Hospitali. Daktari amekipasua kidole, ametoa usaha, amefunga bendeji mpaka kifundo cha mkono. Baba anapigwa sindano kila siku.

Nimefunga kula leo, kwa siri, nikamwomba Mungu akiponye kidole kizima kabisa, watu wote waone nani mkubwa. Nimeomba kwa kulia. Nadhani nimesikiwa.

Jumatatu, 13 Mei

Usaha umekwisha na Baba hatakufa kwa sumu ya damu. Lakini daktari amesema mshipa wa kidole umeharibika, hakitakunjika tena maisha yake yote. Kitabaki kimenyooka.

Mtaani wanasema, Mkubwa ametoza.

Nimemkasirikia Mungu. Nimeandika sentensi hii kisha nimeitazama sana, ila sitaifuta, kwa kuwa Yeye ameshaisoma.

Nilimwendea Baba kwenye tanuri. Ilinichukua muda kufungua kinywa. "Baba, yule mama alisema, na imekuwa. Je, kama ana nguvu kweli?"

Alikuwa anajaribu kushika koleo la mikate kwa mkono wa kushoto, linamponyoka.

"Nguvu anazo," akasema. "Nilipiga ngoma pale, nimeona mambo. Sijawahi kukuambia hana. Huu mwiba sijui. Huenda ni mwiba tu. Na kama umetumwa, mimi nami nimetumwa."

"Lakini nilimwomba Mungu akiponye kidole!"

"Nami nilimwomba. Ameniachia mkono." Akainua ile bendeji kuitazama. "Mwanangu, mimi sikumfuata kwa ajili ya vidole."

Akaomba nimshikie koleo. Tukatoa mikate pamoja. Upande mmoja ilikuwa imeungua.

Alhamisi, 16 Mei

Bibi hawezi tena kukaa bila kuegemezwa. Usingizini anasema na watu. Akiamka ananishika kiwiko kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza nimeelewa: Bibi anaogopa. Maisha yangu yote nilidhani yeye ndiye anayeogopesha.

Jumapili, 19 Mei

Shangazi hakumwacha Baba hata aweke Biblia chini alipotoka kanisani.

"Piga tu kwa mikono! Moyo uache jikoni kwako. Mungu wako haangalii moyo? Basi ataona haumo. Mama atakufa ametulia, wewe utabaki na ulokole wako, na sisi tutapumzika."

Niliona ni shauri la busara. Hata Mama alitazama chini. Baba akafikiri sana.

"Dada, nikipiga nikiamini, namkana Bwana. Nikipiga bila kuamini, namdanganya mama akiwa anakata roho. Niambie lipi kati ya hayo ni la mtoto mwema."

"Mkaidi kama baba yetu!"

"Ndiyo," Baba akasema.

Jumatano, 22 Mei

Nimekaa jikoni, lazima niandike leo leo.

Mchana mvua ilikuwa kubwa mpaka hatukusikia hodi. Mlango ukafunguliwa, wakaingia watu wa kilinge, wamelowa, na ngoma zimefunikwa kwa turubai. Shangazi ndiye aliyewaita. Mama Mlezi alikuwa mbele. Wakapita mpaka chumbani, wakaiweka ngoma kubwa ubavuni mwa kitanda, ile aliyoipiga babu. Chumba changu ni kidogo, watu wakajaa mpaka kwenye korido. Mimi nilikuwa nyuma ya kichwa cha Bibi nikimshikilia mto, sikuwa na pa kutokea.

Baba akaitwa. Alikuja na aproni yake na bendeji yake nyeupe.

Bibi akafumbua macho. "Radi."

"Naam, mama."

"Nipigie. Nimpokee niende naye. Njia ile siijui, mwanangu. Sitaki kwenda peke yangu."

Alisema kama mtoto anayeomba taa isizimwe. Nilitaka Baba apige. Namwandikia Mungu hapa bila kuficha: wakati ule nilitaka apige.

Hapo Mama, aliyekuwa mlangoni, akasema haraka, "Mama mkwe, hawezi. Ona kidole. Hata kijiko hashiki."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Shangazi akasema kweli, kweli, hawezi maskini. Mama Mlezi mwenyewe akaitazama bendeji, akatikisa kichwa polepole, na uso wake ukalegea. "Kama ni mkono, Mkubwa anaelewa. Mgonjwa hadaiwi. Atasubiri njiani, mama, usihofu."

Yalikuwa yamekwisha. Bibi amefarijiwa, kilinge hakijaaibika, Baba hajapiga. Alichotakiwa ni kusema ndiyo, na hakuna mtu duniani ambaye ndiyo imemzoea kinywani kama Baba yangu. Nilimtazama nikimsihi kwa macho.

Akapiga magoti karibu na kitanda. Akaanza kuifungua bendeji kwa mkono wa kushoto, taratibu, mpaka kidole kikaonekana, chekundu, kimenyooka.

"Mama, ni kweli mkono ni mgonjwa. Lakini ungekuwa mzima kama zamani, nisingepiga. Sitaki ufe ukidhani ni kidole."

Bibi akakitazama kidole.

"Ni nini basi?" Bibi akauliza.

"Nina Bwana. Ni mmoja tu. Siwezi kukuitia mwingine."

Shangazi akapiga yowe, "Muueni mama basi! Piga tu, hata uongo, piga!"

"Nyamaza wewe!" Sauti ilitoka kwa Bibi, sijui aliitoa wapi. Hata Mama Mlezi alirudi nyuma. "Ngoma haipigwi uongo. Asiyeamini humleta mgeni mpaka kizingitini akamwacha hapo hapo, si ndani si nje. Baba yako alikufundisha nini? Bora asipige." Akahema. "Zitoeni."

"Mama," akasema Mama Mlezi, "nyumba hii itaona makubwa."

"Zitoe, mwanangu."

Wakazitoa. Ngoma kubwa ilikwama mlangoni, na Baba ndiye aliyeishika upande mmoja akawasaidia kuipitisha.

Kisha Bibi akageukia ukuta. Baba alimwita, hakujibu. Alimwita tena. Akatoka. Nimemkuta sasa hivi kwenye chumba cha unga, amelia mpaka unga kwenye kope umegandamana kama umekandwa. Nikakaa juu ya gunia la pili.

Ijumaa, 24 Mei

Bibi hasemi na Baba. Baba akileta uji, Bibi anafumba macho. Nikileta mimi, anakunywa. Baba anapika, anaupoza kwa kupuliza, kisha ananipa mimi nimpelekee.

Jumapili, 26 Mei

Baba hakwenda kanisani. Alikaa nje ya mlango wa chumba cha Bibi kwenye kigoda, mlango ukiwa wazi kidogo. Hakuomba kwa sauti, wala hakuimba. Alikaa tu ili akiitwa asikie. Hakuitwa.

Zamani niliona haya kuwa na baba mpole. Sasa nadhani sijawahi kuona mtu mwenye nguvu hivi.

Jumanne, 28 Mei

Adhuhuri nilikuwa nampaka Bibi mafuta miguuni. Akasema, bila kunitazama, "Mke mwenzangu. Huyo Bwana wenu huitwa kwa kitu gani?"

Nilitaka kumkimbilia Baba au Mchungaji. Lakini aliniuliza mimi.

"Haitwi kwa ngoma, Bibi."

"Najua si kwa ngoma. Nimeuliza kwa kitu gani."

"Kwa jina lake tu."

"Na humsikia hata bubu kama wewe?"

"Ndiyo. Mimi hata sitoi sauti."

"Hata ukiwa peke yako?"

"Hasa nikiwa peke yangu."

Miguu yake ilikuwa baridi. "Na njia ile, anaijua?"

"Aliipita mwenyewe, Bibi. Akarudi."

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Halafu akasema, "Mwite baba yako."

Baba alikuja mbio, unga hadi viwikoni. Bibi akamwangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Siku ile ulipoziacha ngoma hukunieleza. Uliondoka tu. Nimekaa na jambo hilo miaka. Nieleze."

Baba akakaa sakafuni. "Mama, nilikuwa napiga nawatazama. Mnapanda, mnaanguka, mnaamka mmechoka kama mmebeba mawe. Nawe ulichoka kuliko wote. Kila safari Mkubwa alitaka zaidi. Sikuwahi kumwona akikuacha umepumzika. Kisha nikasikia habari za Bwana mmoja aliyefunga kitambaa kiunoni akawaosha miguu watu wake. Nikasema, wangu ni huyu. Sikukueleza kwa sababu nilikuogopa."

"Mabwana hawaoshi miguu."

"Huyu aliosha."

Bibi akatazama miguu yake yenyewe, iliyokuwa bado mikononi mwangu. "Jumatano ile uliniogopa?"

"Sana, mama."

"Lakini hukupiga."

"Sikupiga."

"Na uongo ulikuwa umeandaliwa mezani, unafuka moshi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Baba akamshika mgongo mpaka kikapita. "Mtu anayekataa kumdanganya mama yake siku kama ile, labda na huyo Bwana wake si mwongo. Mwite basi. Hivyo hivyo mnavyomwita. Nisikie."

Baba akaomba. Sikuwahi kusikia sala fupi namna ile: alisema, Bwana Yesu, huyu ni mama yangu, anaogopa njia, mshike. Basi.

Bibi alingoja, kama mtu anayesubiri kishindo. Hakikuja. Mvua tu juu ya bati. Mwisho akasema kwa mshangao, "Mtulivu sana." Na baadaye kidogo, "Endelea."

Alhamisi, 30 Mei

Baba anamlisha uji mwenyewe. Bibi amesema hauna chumvi.

Ijumaa, 31 Mei

Mama Mlezi amekuja tena, safari hii hakuleta ngoma. Aliinama kitandani akasema anaweza kumwita Mkubwa kwa kupiga makofi tu, polepole, huenda akaja, wajaribu.

Bibi alimshika mkono. Hakuwa na ukali wowote. "Leo usinipandishe mtu, mwanangu. Nina mgeni."

Mama Mlezi alitazama chumbani. Tulikuwamo mimi na beseni la maji.

"Mgeni yupi, mama?"

"Wa Radi," Bibi akasema. "Nimemkaribisha."

Jumamosi, 1 Juni

Bibi amefariki asubuhi, mikate ya kwanza ikiwa tanurini. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Baba, ule wenye kidole kisichokunjika. Safari hii hakumshika mtu kiwiko kwa hofu.

Jumatatu, 3 Juni

Tumemzika jana. Mchungaji aliongoza, na spika aliiacha kanisani bila kuambiwa. Tulihofia watu wa kilinge wangekuja na ngoma kudai haki yao. Shangazi alisimama mlangoni tangu alfajiri, akisema atakayeleta ngoma atampita yeye kwanza, kwa sababu mama yake alisema ana mgeni. Shangazi, aliyewaita Jumatano ile!

Leo wafariji wamepungua. Baba na mimi tulikuwa kwenye benchi uani. Kuhusu kidole watu wanaendelea kusema, wengine wanawaonyesha watoto wao. Baba hajibu. Mimi pia sijui kama nitaelewa siku moja kwa nini hakikupona. Nimeacha kumdai Mungu jibu kabla ya kumwamini.

Mama Mlezi akaja na mwavuli wake, peke yake. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo wakaviweka chini. Alisimama mbele ya Baba na hakuketi.

"Alikwenda vipi?"

"Kwa amani, mama."

"Hakuogopa?"

"Mwanzoni aliogopa. Halafu hapana."

Maji yalitiririka kwenye ncha za mwavuli wake. Alipoongea tena sauti ilikuwa ndogo hata sisi wawili tulilazimika kuinama.

"Nimewapeleka wengi mpaka njia ile. Wote walikwenda na hofu machoni. Mimi mwenyewe naogopa, Radi."

Nilimtazama Baba. Huyu ndiye aliyemwambia mikono yake itakauka. Baba hakumkemea wala hakumhubiria. Alisogea upande wangu, akapangusa maji kwenye benchi kwa kile kiganja chenye kidole kigumu, akasema, "Kaa, mama."

Hakukaa. Aliaga, akaondoka taratibu, akageuka mara moja getini.

Baba hakurudi katikati ya benchi. Amekaa pale pembeni, nafasi aliyompangusia ikiwa wazi upande wa geti, mpaka giza likaingia.